Begi ya Mto

Nabuyoga, Tororo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla Neema hajaendelea kukusomea, mwambie ahamie upande wa sikio lako zima na redio aizime. Macho yako yanaendeleaje, yale yaliyobaki? Na magoti? Najua bado unapiga magoti kanisani hata wazee wenzako wakiwa wamekaa, na padri keshachoka kukukataza. Machungwa ya mwaka huu yameshika, au mvua imeyaangusha tena? Huku wajukuu zako ni wazima, wanakula na kugombana. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa. Nitakueleza, ila nimeandika barua makusudi ili usinikatize kama unavyonikatiza kwenye simu.

Mara mbili umenipigia ukaniuliza, “Umefika wapi?” nami nikakujibu, “Inaendelea, mama.” Haikuwa inaendelea. Lesi ya shela la harusi la Neema haipo tena. Imekatwa vipande, na mto umefumuliwa. Nimelisema mwanzoni kabisa kwa sababu nakujua, ungekaa unasubiri niseme ni mzaha.

Neema, usilie kwanza, soma. Na kwa kuwa wewe hukuwahi kukaa mkekani ukafundishwa, kazi yako ilikuwa kukimbilia kwaya, nakueleza mto wenyewe ili uelewe kilichotokea. Mto wa kufumia lesi si wa kulalia. Ni mgumu, wa duara, mpana kama ungo, umeshindiliwa nyasi kavu hata ukiugonga unalia kama mlango. Pini zimesimama juu yake kufuata mchoro, na nyuzi zinashuka kwenye vijiti, vile vya mpingo alivyochonga marehemu baba. Lesi inazaliwa hapo katikati ya pini, kidogo kidogo, na iliyokwisha inaviringishwa nyuma kwenye kitambaa. Uking'oa pini kabla ya wakati, au ukikata uzi, nyuzi zinakimbia. Si sweta useme utashika tundu ulirudishe.

Mama, unakumbuka Ochwo alipokuja Tanga kufuata mafao yake ya kule kiwandani, ukampa mto ule aniletee. Macho yalikuwa yamekukatalia katikati ya kazi, na ulisema hutaki umaliziwe na mtu wa nje. Uliufunga kwa kanga mbili. Mume wangu aliupakata njia nzima mpaka Busia kama mtoto mchanga, hilo nampa haki yake, lakini kanga ni kanga. Ulipofika hapa vijiti vilikuwa vimesukana, nikakaa siku nyingi nafungua mafundo tu kabla sijafuma hata upana wa kucha. Ndipo nikaapa kwamba siku ya kuurudisha kwako, mto huu utasafiri ndani ya mfuko wake, umelala chali, na hakuna uzi utakaosogea.

Kazi yenyewe niliifanya chumbani, saa za mchana watoto wakiwa shule. Nilifuma kwa utaratibu wako, ua na jani, ua na jani, na pale mkono wako ulipokoma na wangu kuanza nilifumua na kurudia mpaka nikaridhika kwamba hata wewe usingepaona. Nilibakiza sehemu ndogo makusudi. Nilitaka tuimalizie pamoja hapo barazani kwako, vijiti viwe mikononi mwako na macho yawe yangu. Sikukwambia. Nilitaka uione nikifika.

Basi nikaenda Busia kutafuta kitambaa, nikavuka upande wa Kenya maana kaki nzito nzuri iko kule. Nikamwambia fundi mmoja, kijana mchangamfu mwenye futi shingoni, “Nikatie mfuko wa mto.”

Akanitazama. “Mfuko wa mto? Mto gani, mathe? Ule wa Sio ama wa Malaba?”

“Mto wa kitambaa, mwanangu.”

“Aah, pilo! Si ungesema pilokesi.” Akacheka, na wateja wake wakacheka. “Nyinyi watu wa Tanzania mnaongea kama mko kwa redio.”

Kabla sijamaliza kumweleza alikuwa ameshakata foronya, ndefu, mdomo upande mmoja tu. Ukiusukuma mto wa lesi ndani ya kitu kama kile, pini na vijiti vyote vinasombwa kwenda chini. Nikachukua kitambaa changu nikarudi nacho. Huku, mama, mto wa kulalia wengi wanauita pilo. Mto, kwao, ni wa maji. Nilisikia, nikaona ni kichekesho, nikasahau.

Nikaushona mwenyewe kwa cherehani yangu barazani. Nilikata duara mbili, ya chini na ya kifuniko, na ukuta wa shubiri moja wa kuziunganisha ili vijiti vipate nafasi ya kulala. Zipu niliizungusha karibu duara nzima, mfuko ukafunguka kama sufuria na kifuniko chake, huna haja ya kusukuma chochote. Ndani nikatia blanketi kuukuu, chini ubao mwembamba, na juu ya vijiti kitambaa laini cha kufungwa kwa tepe ili visicheze. Mara ya kwanza zipu ilivuta, nikafumua. Mara ya pili ilikaa. Mama, sijisifu, lakini ulikuwa mfuko ambao ungeupapasa ukaniambia, “Hapa umetulia.” Na wewe husemi hivyo ovyo.

Sasa nifike kwa mama mkwe wangu.

Unamjua kwa sauti tu, ule ukelele wake wa “Tanga hamjambo!” kwenye simu. Nyumba yake iko upande wa pili wa uwanja wetu. Kwa mila ya hapa mama hakanyagi chumba cha kulala cha mwanawe na mkewe, ni mwiko mkubwa, na yeye ni mtu wa kushika mila. Kwa hiyo miezi yote ile niliyofuma, mto wako ukiwa chumbani kwangu, hakuwahi kuuona. Alijua tu kwamba nina “kazi ya uzi” kule ndani. Nami sikumtolea nje nimwonyeshe, kwa sababu alikuwa na tabia ya kushika kila kitu.

Siku niliyomaliza mfuko alikuja barazani na karanga zake kwenye beseni. Akaugeuza, akaufungua, akaufunga.

“Nyara,” akasema, ndivyo anavyoniita, yaani binti yangu, “hii begi muzuri sana. Naweka karanga yangu ndani, napeleka soko?”

Miaka yote niliyokaa hapa wananicheka Kiswahili changu. Nikisema “mfuko wangu umepotea,” wanarudia nyuma yangu kwa kuvuta maneno puani. Mgeni ni kuku mweupe, wanamwona hata akinyamaza, sembuse akifungua mdomo. Siku ile nilikuwa nimechoka kuwa kuku mweupe. Nikasema moyoni, haya, leo niongee kama wao ili nieleweke mara moja.

Nikamwambia, “Hapana, mama. Hii ni begi ya mto. Usiweke kitu ingine ndani.”

“Eeh, ya mto,” akasema. “Sawa. Ya mto tu.”

Aliitikia kwa heshima kabisa, mama. Mimi nikafurahi kwamba kwa mara ya kwanza tumeelewana bila Ochwo kutafsiri.

Unapaswa kujua kwamba bomba la kijiji lilikuwa limekufa. Wanawake wote tulikuwa tukifua mtoni, na kila mmoja ana gunia au beseni lake la kubebea nguo. Siku moja kabla ya safari nilitoa mto chumbani, nikaulaza ndani ya mfuko, nikafunga tepe, nikafunga zipu, nikauweka juu ya kiti sebuleni tayari kwa njia. Kisha nikaenda Busia kuchukua tikiti ya basi. Nilitembea soko lile nikitabasamu peke yangu kama chizi. Nilikuwa nakuja nyumbani.

Niliporudi jua lilikuwa bado kali. Kitu cha kwanza nilichoona ni mfuko wangu umeanikwa kwenye kamba, umegeuzwa ndani nje, blanketi linachuruzika maji. Pembeni yake gamba la mto wako, limebanwa kwa vibanio viwili. Juu ya ua wa miba vimetandazwa vipande vidogo vyeupe, na sikuvielewa mpaka nilipoona ua na jani. Kuku walikuwa wanachakura nyasi zilizotoka tumboni mwa mto, pale jalalani. Vijiti vya baba vilikuwa ndani ya kikombe cha chai, na povu la sabuni juu.

Mama mkwe akatoka jikoni anacheka, mikono imekunjamana kwa maji.

“Nyara, umerudi! Nimekufulia yote. Ile kitu ya ndani ilikuwa chafu! Pini mingi sana, ingekuchoma kichwa. Mimi natoa moja moja. Na ile uzi ilishikana-shikana, ikanishinda, nakata na wembe.”

“Nani alikwambia ufue?”

“Si wewe? Kitu iko ndani ya begi ya mto ni ya kupeleka mto. Wewe unaenda kwenu, mimi nikasema vitu ya huyu mtoto isikwende kwa mama yake chafu.”

Alikuwa ameipigapiga lesi juu ya jiwe, mama. Kwa nguvu zake zote, kwa upendo wake wote. Yule mwanamke ana goti bovu kuliko la kwako, na alishuka mpaka mtoni akapanda na mzigo wa maji kichwani ili mimi nisionekane mchafu mbele yako.

Mimi nikamwita mchawi.

Nililisema kwa sauti, uwanjani, na majirani wamesimama. Nikasema ameniua, nikasema ananionea wivu na kwetu, nikasema mchawi mara ya pili. Yeye alibaki ameshika kile kikombe cha vijiti. Hakuelewa kosa lake ila neno hilo alilielewa, hilo halihitaji mkalimani popote.

Ochwo alikuja Jumamosi kutoka mjini. Akakaa na baba yake mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, wakanisikiliza. Nikawaonyesha vipande. Baba mdogo alivigeuza geuza akauliza kama haviwezi kushonwa. Ochwo akainama. Mwishowe akasema, “Lakini wewe ndiyo ulisema begi ya mto. Ulitaka mama ajue namna gani?”

Na watu wakacheka! Si kwa ubaya, ndivyo wanavyoniambia. Mpaka leo nikipita na ndoo, wanawake wanaulizana, “Hiyo ni ndoo ya mto ama ya pilo?” wanashika mbavu. Macho yako, mama, mikono yangu tangu Krismasi, shela la mdogo wangu, vimekuwa utani wa kusogezea foleni ya maji.

Halafu ikaja hukumu. Lesi ilizungumzwa kidogo, neno mchawi lilizungumzwa mpaka giza. Baba mdogo akasema mwanamke hatoki nje ya boma akiwa amemtukana mama wa mumewe namna ile, njia itamkataa. Nipeleke kuku, nipige magoti, tule pamoja, ndipo nisafiri. Ochwo akaongeza kwamba nikiondoka bila hilo, nisirudi. Alisema taratibu, hakupandisha sauti, na ndiyo maana nilijua hatanii. “Yaliyopita si ndwele,” akaniambia. Nikamjibu hayo yaliyopita yalikuwa ya kwake au ya kwangu?

Basi langu likapita bila mimi. Nilikaa siku tisa simsemeshi mtu, na mama mkwe naye hali chakula nilichopika mimi, anapikiwa kwa jirani. Ulipokuwa ukinipigia simu nilikuwa katika siku hizo.

Nakuuliza, mama, na najua huwezi kunijibu hapo ulipo: nani aliyekosewa hapa? Aliyefumuliwa kazi ya mama yake ndiye aliyepaswa kushika kuku. Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo. Wote wananiambia, hakujua. Najua hakujua! Hilo ndilo linalonitafuna. Angekuwa amefanya kwa chuki ningemchukia, roho ikapumua. Sasa nimchukie kwa nini, kwa kunifulia? Namwona anachechemea uwanjani, namhurumia, na huruma ile ile inanitia hasira upya. Sijamsamehe. Padri wa hapa nimemwambia hivyo hivyo, sikumdanganya.

Lakini nataka kuja nyumbani. Kwa hiyo nilikamata kuku wangu mwekundu, yule mtagaji, nikavuka uwanja, nikapiga magoti mlangoni kwake. Nikasema nimekosa, neno lile nalirudisha. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. Akalia, mimi sikulia. Tukala, Ochwo akapumua, baba mdogo akachukua paja.

Baada ya kula mama mkwe akaingia ndani akatoka na mto wako. Alikuwa ameushona upya kwa mkono, kwa uzi mweusi, mishono mikubwa kama ya gunia. Ameujaza pamba ya godoro lake mwenyewe, amelipunguza upande mmoja.

“Nimeweka pamba, nyara. Sasa iko laini. Utalala vizuri kwa njia.”

Niliupokea kwa mikono miwili. Ukiuminya unazama mpaka vidole vinakutana. Nikasema asante, mama. Ilikuwa lazima niseme, watu wote walikuwa wananitazama, naye zaidi.

Nitapanda basi Ijumaa. Nitakuwa na vijiti vya baba, havikupotea hata kimoja, na nitakuwepo kanisani siku ya Neema nikiwa nimevaa vizuri na kuimba kama wengine. Neema, shela ufunge tupu, au utafute lesi ya dukani pale Tanga mjini, hiari yako. Ila usiniombe niishone mimi. Nitakufanyia kila kitu kingine, nitapika, nitakusuka, nitashika pindo lako, hilo tu siwezi.

Nisalimie mama mkubwa, mwambie dawa ya kifua aliyoniagiza nimeipata. Msalimie shangazi yetu anayekuja kukuchotea maji asubuhi, Mungu amlipe, na kaka yangu wa shambani, aache kuuza machungwa mabichi. Bwana harusi mpe salamu za shemeji yake, mwambie tutamwangalia kwa makini. Katekista naye msimsahau, maana ndiye aliyenifundisha kuandika barua na atauliza.

Nimeituma barua hii mbele yangu kwa sababu nisingeweza kusimama mlangoni kwako ukinyoosha mikono kuipokea kazi ambayo haipo. Nataka ukasirike nikiwa bado njiani. Unitukane hata mimi, kama itakusaidia.

Neema, hapa uache kusoma. Ndani ya bahasha kuna kipande kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Ndicho pekee kilichobaki kizima, ni mkono wa mama mwanzo mpaka mwisho, wangu haumo. Mpe. Usimwambie chochote wala usimshike kidole umwongoze. Mwache apite nacho mwenyewe, ua na jani, polepole anavyotaka, mpaka afike panapokatika.

Binti yako,
Salome